Haidar Alifunga Kila Kitu, Nikabaki Mgeni

Wiki iliyopita niliwaacha nimeifunika kompyuta kwa kanga, na ustadh Bwanausi anatazama ndala zake huku akisema astaghfirullah kwa sauti ya chini.

Kwa uliyekuja leo: mimi ni Mgeni binti Mwinshehe, mjane, fundi cherehani wa hapa Zinga, elimu yangu darasa la saba. Siku ile nilikuwa namtafutia ustadh nakshi za kanzu za wanafunzi wake wa madrasa. Kompyuta ikaniambia nibonyeze neno Ruhusu ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Nikabonyeza, maana mimi si roboti. Kuanzia hapo picha za wanawake wasio na nguo zikawa zinachomoza pembeni ya kioo, moja inatoka nyingine inaingia, mbele ya mwalimu wa dini.

Kazi ya kanzu ikaenda kwa fundi mwingine. Mardhiya wa steshenari, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua sketi yake, alihakikisha habari imefika Kerege kabla mimi sijafika jikoni kwangu.

Nikampigia Haidar. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, ndiyo maana naandika, ili mama mwingine asilirudie. Kompyuta yangu haikufungwa na mwizi. Ilifungwa kwa kuomba kwangu mwenyewe.

Haidar ni mdogo wa marehemu mume wangu, Mikdad. Kazi yake ni kufunga kamera kwenye hoteli za ufukweni. Ukimwuliza yeye, atakwambia ni mtu wa usalama wa mitandao. Anavaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Mtu wa kamera, na kila akiingia kwangu lazima ajikwae kwenye ndoo ileile.

Alikuja Jumapili asubuhi. Akakaa kwenye kiti changu cha kushonea bila kukaribishwa, akafunua kanga, akatikisa kichwa kama tabibu aliyeletewa maiti.

"Shemeji, hii ilikuwa wazi. Wazi kabisa. Kama nyumba isiyo na mlango."

"Basi ifunge."

"Nifunge nini?"

"Funga kila kitu."

"Kila kitu, shemeji?"

"Nina mtoto wa kike, Haidar. Sitaki uchafu ule tena humu ndani. Kila kitu."

Mtu kama yule huwezi kumwambia kila kitu. Fundi mwenye akili ukimwambia abane kiuno, anaacha pa kupumulia. Haidar alibana mpaka nguo haivaliki, halafu akasimama mbele yake anaisifu.

Saa tatu nzima alikaa, anakunywa chai yangu, anamaliza vitumbua vyangu, na kila kitumbua kina mhadhara wake. Kivinjari, ndivyo anavyokiita kile kidude cha kuingilia intaneti, sasa kina ukuta. Madirisha yote yanayochomoza yamezuiwa. Vidakuzi vingine vimezuiwa, vingine vinafutwa kila ukifunga.

"Vidakuzi ni nini?"

"Vitu vinavyofanya kompyuta ikumbuke."

"Mimi nataka ikumbuke."

"Hutaki, shemeji. Niamini."

Alipomaliza akachukua na simu yangu ya kupangusa. Akasema nayo ni chafu, anakwenda kuisafisha. Mpaka leo haijatakata. Nikabaki na kitochi cha vitufe ambacho hakijui intaneti wala hakitaki kuijua.

Nikamshukuru. Andikeni na hilo. Nilimshukuru, nikamfungia vitumbua vinne kwenye karatasi aende navyo.

Sasa nije kwa Adila, maana mengine yote ni upuuzi, ila hili si upuuzi.

Adila ni mwanangu, ana miaka kumi na tisa. Mwaka huu alipata nafasi kwenye chuo cha uuguzi na ukunga. Nafasi hiyo ilitakiwa ithibitishwe kwenye tovuti ya chuo kabla ya Alhamisi saa kumi alasiri. Asiyethibitisha, nafasi yake anapewa anayemfuata kwenye orodha, na watu kwenye orodha ile walikuwa wengi kuliko waliokuja kumzika Mikdad.

Mwenyewe hakuweza kuthibitisha. Tangu mwezi wa saba yuko Ubena anamuuguza bibi yake, Bi Habiba, aliyeteleza uani akavunjika nyonga. Bi Habiba ndiye mama mzazi wa Mikdad na Haidar. Kila baada ya saa mbili inabidi ageuzwe kitandani asije akaota vidonda, kwa hiyo mtoto hawezi hata kufika Chalinze kutafuta intaneti. Simu aliyonayo ni kitochi kama changu.

Kabla hajaondoka aliniandikia yote kwenye daftari: namba ya mtihani, neno la siri, pa kubonyeza kwanza, pa kubonyeza pili.

"Kazi ya dakika kumi tu, mama," aliniambia.

Jumatatu nikafungua kompyuta na daftari pembeni. Sikukuta nilichozoea. Nilikuta maduara mawili. La kwanza lilikuwa na picha ya Haidar na miwani yake, na kufuli dogo pembeni. La pili halikuwa na picha. Chini yake pameandikwa: Mgeni.

Niseme kweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, pamoja na ujinga wake, huyu bwana amenikumbuka. Ameniwekea mlango wangu na jina langu. Sikujua hata kama jina langu analijua, maana miaka yote ananiita shemeji.

Nikabonyeza Mgeni, nikaingia kifua mbele.

Nikaandika anwani ya chuo herufi moja moja. Ukaja ukurasa wenye alama nyekundu na maneno makubwa: Muunganisho wako si wa faragha.

Nikasoma mara ya pili. Nikageuka nikatazama mlango.

Mjane, mwaka wa nne huu, sijampa mtu hata mkono bila kanga. Nina muunganisho gani, na nani, mpaka ukose faragha? Na chini yake kompyuta inaendelea na habari za wavamizi. Nikafunga mlango wa chumba cha kushonea, nikampigia Haidar.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Haidar, kompyuta inasema nini kuhusu mimi?"

"Inasemaje?"

"Njoo usome mwenyewe."

"Niko juu ya ngazi, shemeji. Nisomee."

Nikamsomea kwa kunong'ona. Akacheka mpaka nikasikia ngazi inagonga ukuta.

"Si wewe, shemeji. Ni mtandao. Mfumo unakulinda."

"Unanilinda na chuo cha ukunga?"

"Mfumo hauchagui."

Hilo nilikubali. Kweli haukuchagua. Wale wanawake wa uchi na wakunga kwake ni kitu kimoja.

Akanielekeza nibonyeze maneno madogo yaliyojificha chini kabisa ya ukurasa. Nikapita. Nikaingiza namba ya mtihani, nikaingiza neno la siri, jina la Adila likatokea. Nikajaza fomu: jina la mzazi, kijiji, kata, namba ya simu ya mwombaji. Nilichukua saa nzima, maana vidole vyangu vimezoea sindano. Mwisho nikabonyeza Thibitisha.

Hakikutokea kitu. Ila juu kabisa, pembeni, pakaja maneno madogo: Dirisha ibukizi limezuiwa.

Nikasema alhamdulillah. Nilijua ni wale wanawake wametaka kuchomoza tena na ukuta wa Haidar umewarudisha kwao. Nikafunga kompyuta kwa amani. Nikampigia Adila.

"Tayari, mwanangu. Nimethibitisha."

"Kweli, mama?"

"Kweli. Muuguzi wangu."

"Basi nimwambie bibi."

"Mwambie."

Sauti yake ilishuka kidogo mwishoni. Niliisikia. Sikumwuliza, nilikuwa na sketi tatu za kukata.

Jumatano asubuhi nikafungua tena, nitafute barua ya kujiunga nikaichapishe. Nikabonyeza jina langu, nikaingia. Mbele ya jina la Adila pameandikwa kwa wino mwekundu: Hajathibitisha. Fomu niliyoijaza saa nzima ilikuwa tupu. Hata jina langu kama mzazi halikuwepo.

Nikajaza upya. Nikabonyeza Thibitisha. Dirisha ibukizi limezuiwa.

Safari hii nikasoma vizuri. Pembeni pameandikwa kwamba kuendelea, lazima niruhusu dirisha hilo. Na pa kubonyeza pameandikwa neno moja: Ruhusu.

Nyinyi mnaonisoma tangu mwanzo mnajua neno hilo limenifanyia nini. Nilikaa nalitazama mpaka chai ikapoa. Upande mmoja nafasi ya mtoto, upande mwingine ustadh na ndala zake. Nikatandika kanga miguuni, tayari kufunika, nikasoma bismillah, nikabonyeza.

Ikajibu: Mpangilio huu unasimamiwa na msimamizi wako.

Msimamizi. Mirathi ya Mikdad ilisimamiwa na shekhe, ikagawiwa, kila mtu akapata chake, shekhe akala pilau akaenda kwake. Huyu msimamizi mwingine aliteuliwa kikao gani, na kwenye kompyuta niliyoinunua kwa pesa ya cherehani yangu?

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nikampigia.

"Haidar, nipe neno la siri lako."

"Nywila, shemeji."

"Lolote lile. Nipe."

"Nywila haitolewi kwenye simu."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako. Si wewe uliyebonyeza Ruhusu?"

"Adila anapoteza nafasi, Haidar. Kesho saa kumi wanafunga."

"Kesho si bado? Nitakuja kesho asubuhi."

"Njoo leo."

"Leo haiwezekani, nina kamera kumi na sita hapa."

"Na mama yako kule Ubena, umemwekea kamera ngapi?"

"Mama ana Adila," akasema, bila hata kukwama.

Alilisema kama mtu anavyosema nyumba ina paa. Ana muda wa kuniwekea kufuli la kunilinda na picha. Muda wa kumgeuza mama yake ubavu hana, tangu mwezi wa saba hajakanyaga Ubena. Hata hivyo sikumjibu, kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye. Hapo ndipo hawa watu wanapotuweka, kina mama wenzangu. Anakufungia chako, halafu unamsemesha kwa adabu.

Mchana Adila akapiga.

"Mama, barua umeshaichapisha?"

"Bado, mwanangu. Nimeambiwa mashine ya kuchapa imeishiwa wino."

"Lakini jina limo?"

"Limo."

Nilimdanganya. Nilijiambia namwepushia wasiwasi, ana mgonjwa, kesho asubuhi Haidar atakuja na mambo yataisha bila yeye kujua. Uongo wenyewe ulitoka mwepesi, kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo.

Alhamisi asubuhi Haidar hakuja. Saa nne hakuja. Alifika saa nane mchana, akajikwaa kwenye ndoo.

"Shikamoo, shemeji. Foleni."

Foleni kutoka ufukweni mpaka Zinga. Sikuitikia hata hiyo shikamoo vizuri. Nikamsukumia kompyuta.

Akabonyeza duara lake. Akaandika nywila kwa mkono mmoja, mwingine kauweka juu ya vitufe nisione, kama mtoto anayeficha mshikaki. Ikakataa.

Akacheka kidogo. "Nimekosea herufi."

Akaandika tena. Ikakataa.

Akavua miwani. Macho yake sikuwa nimeyaona tangu siku ya mazishi, wala sikuwa na hamu nayo.

"Umeisahau?" nikamwuliza.

"Sijaisahau. Ni ndefu tu. Ina herufi ishirini na mbili, namba, na alama."

"Umeiandika wapi?"

"Mtu wa usalama haandiki nywila, shemeji."

"Anafanyaje?"

"Anakumbuka."

"Haya, kumbuka."

Akafumba macho. Midomo ikawa inachezacheza kama anasoma dua. Akaandika ya tatu, polepole, akabonyeza. Kompyuta ikatoa maneno mapya: Umejaribu mara nyingi mno. Jaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

Nikayasoma kwa sauti, neno kwa neno. Nikamwuliza, "Hii maana yake nini?"

Akavaa miwani yake.

"Maana yake mfumo unafanya kazi, shemeji."

Wallahi alisema hivyo. Na alisema kwa fahari.

"Simu yangu iko wapi?"

"Iko Bagamoyo, kwa fundi."

"Na simu yako?"

"Imeisha chaji. Umeme ulikatika kule kazini."

Nikachukua daftari la Adila, nikajifunga kanga. Zinga yetu ina steshenari moja yenye kompyuta nzima, na mwenye hiyo steshenari ni Mardhiya. Mnauliza kwa nini sikwenda kwake tangu Jumatatu. Ni kiburi tu. Nilikuwa radhi kuhangaika siku nne na ukuta wa Haidar kuliko kusimama dakika kumi mbele ya mdomo wa mwanamke yule. Kama mtoto atakosa nafasi, sehemu ya kosa ni hiyo, na hilo siwezi kumtwika Haidar.

"Shemeji," akaniita nikiwa mlangoni, "usiweke taarifa za mtoto kwenye kompyuta ya watu wote. Ni hatari."

"Wewe kaa hapo uilinde hiyo," nikamwambia.

Steshenari ilikuwa na watu watano mbele yangu, wanatoa kopi. Mardhiya aliniona tangu nilipokuwa barabarani.

"Karibu, Mgeni. Umekuja kutazama picha?"

Wawili wakacheka. Mmoja wao nilimshonea nguo ya Idi.

"Nimekuja kuthibitisha nafasi ya chuo ya Adila. Mwisho saa kumi."

"Na ile kompyuta yako ya kisasa?"

"Imefungwa."

"Na nani?"

"Na mtu wa usalama."

"Yule wa miwani?" Akageukia watu wake. "Huyo aliniwekea kamera hapa dukani. Mwezi mzima inapiga picha dari."

Pamoja na hayo aliniweka kwenye foleni, hakunipitisha mbele. Nilisimama nikihesabu kopi za watu wengine mpaka saa kumi kasoro robo. Nilipofika akavuta kiti, akachukua daftari, akasoma maandishi ya Adila, akaacha masihara. Hapo nikamweleza: nilijaza fomu yote Jumatatu, Jumatano sikuikuta, nikajaza tena, ikapotea.

"Ulijazia wapi?"

"Kwenye jina langu."

"Jina lako lipi?"

"Mgeni. Haidar aliniwekea. Kuna duara lake na kuna duara langu."

Vidole vyake vikasimama juu ya vitufe. Akanitazama, akatazama kompyuta yake, akaigeuza kioo nione. Na kwake palikuwa na duara lilelile, halina picha, limeandikwa vilevile.

"Umeniwekea na wewe?" nikauliza, na mpaka sasa natamani nisingeuliza.

"Mgeni," akasema taratibu, "huyo mgeni si wewe."

"Ni nani?"

"Ni mgeni. Mgeni yeyote. Mpita njia. Akija kompyuta inamkaribisha, akitoka inafuta kila alichogusa."

"Hata alichoandika?"

"Hata alichoandika. Miaka sita natoa huduma hapa, kila mtu anaingia kwa duara hilo. Wewe tu ndiye uliyeitika."

Alicheka mpaka akaegemea mashine ya kuchapa. Yule wa nguo ya Idi alitoka nje akachekee barabarani. Nami nilikaa pale na uso wangu, nikimfikiria Haidar. Kumbe hakuniandika. Kwenye kompyuta yangu mimi alijiandika yeye peke yake, na picha akaweka, na nafasi iliyobaki ni ya wapita njia.

Mardhiya alijifuta machozi, akaanza kazi. Namwandika kama alivyo: ana mdomo mchafu na mikono safi. Alijaza kwa dakika nane kile nilichojaza kwa saa nzima. Akabonyeza Thibitisha, dirisha likachomoza.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kanga wenyewe.

Hakukuwa na mwanamke uchi. Kilikuwa kidirisha cheupe, kidogo kama kadi ya mwaliko: Weka tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu ya mwombaji. Siku nne Haidar alikuwa ananilinda na hicho.

"Mpigie mtoto," Mardhiya akasema. "Ujumbe umekwenda kwake sasa hivi. Namba hizo zinakaa dakika tano tu, na saa kumi hiyo inagonga. Sidhani kama tutapata nyingine."

Chini ya kidirisha sekunde zilikuwa zinashuka. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena. Ikaita mpaka karibu na mwisho.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa namgeuza bibi."

"Marahaba. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako. Una namba sita. Nisomee."

"Namba za nini?"

"Za chuo. Soma upesi."

"Chuo si ulithibitisha Jumatatu?"

Mardhiya alikuwa ananitazama. Hakuwa anacheka.

"Haikuingia, mwanangu. Baba yako mdogo alifunga kompyuta, haikuingia. Nitakueleza."

"Na jana ukasema jina limo."

"Nilisema. Soma, Adila."

"Ukasema wino."

"Adila, soma."

Nikasikia kitanda cha kamba kinalia, na sauti ya Bi Habiba ikiuliza anaongea na nani. Adila akamjibu, "Mama." Halafu akarudi kwangu.

"Namba ninayo. Naiona hapa."

"Haya."

"Jumatatu uliponiambia tayari, nilimwambia bibi. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Ananiambia nenda mjukuu wangu, kasome, halafu anageuza uso ukutani. Nikalia siku mbili. Nikasema basi, limeshatoka mikononi mwangu, mama ameshathibitisha. Nikatulia. Sasa unaniambia bado liko mikononi mwangu."

"Atapatikana mtu wa kumwangalia."

"Nani?"

Mardhiya akagusa kioo kwa ukucha. Dakika moja na kitu.

"Baba mdogo?" Adila akauliza, na kwenye sauti yake nikasikia dharau yangu mwenyewe, neno kwa neno.

"Mimi," nikasema. "Nafunga duka. Mimi nitakuja Ubena nimwangalie."

"Utakuja lini?"

"Kesho. Kesho asubuhi niko hapo."

"Jumatatu uliniambia tayari, mama. Jana ukaniambia wino. Hii kesho yako niiamini kwa lipi?"

Nikafungua mdomo. Kwenye kioo zilikuwa zimebaki sekunde arobaini.